Mtu wa Winchi Aliye Kisogoni

Mwaka 1949, nikiwa na miaka ishirini na miwili na meno yote kinywani, jiwe liliniangukia kisogoni katika shimo la mgodi kule Geita, na shida zangu nazihesabu tangu siku hiyo. Kabla ya hapo nilikuwa maskini tu, na umaskini si shida, ni hali. Shida ni mwili wako mwenyewe kukunyima utii.

Nimesoma darasa la kwanza, na la pili sikulimaliza. Nasema mapema ili msomi atakayesoma karatasi hizi asije akauliza nimeyapata wapi haya ya ubongo. Niliyapata kwa mtu mmoja tuliyemwita Dresa, kwa sababu kazi yake ilikuwa kusafisha na kufunga vidonda kwenye zahanati ya mgodi. Jina alikuwa nalo, ila siliandiki. Alikozaliwa sikujua, na kila aliyemwuliza alijibiwa, "Kwani unataka kuniozesha binti?"

Alivaa koti jeupe lililofungwa vifungo hadi shingoni, na ndani yake, jua la Geita likiwaka, koti la jeshi. Wakati wa vita alikuwa mhudumu katika hospitali ya askari waliojeruhiwa kichwani. "Wenzangu walirudi na medali," alisema. "Mimi nimerudi na visogo." Alimaanisha kwamba huko ndiko alikojifunza. Daktari wake alikuwa akimwita ashike taa huku yeye akifunua mafuvu, na Dresa, badala ya kushika taa akafumba macho kama wengine, alishika taa akatazama.

Hakuwa na desturi ya kumwangalia mtu usoni. Alikuangalia miguu.

"Shikamoo, Dresa."

"Marahaba. Kisigino cha kulia unakiburuza. Kaa hapo."

"Dresa, nimekuja kukusalimia tu."

"Na mimi nimeitikia. Sasa vua kiatu."

Watu walimkwepa njiani kwa sababu hiyo. Ukikutana naye ukiwa mzima, unafika nyumbani ukiwa mgonjwa.

Kila Jumamosi alikwenda buchani kuchukua kichwa cha ng'ombe. Alikipasua kwa shoka kwenye baraza ya zahanati, mbele ya wagonjwa na wasio wagonjwa, akatutolea ubongo akauweka juu ya bati. Somo likiisha, Mama Kabula, mwenye kilabu cha pombe pale ng'ambo ya barabara, alikichukua kichwa akakipika supu. Kwa hiyo wanafunzi walikuwa wengi. Sijui wangapi walikuja kwa elimu.

"Huu hapa mbele," alisema akigusa kwa ncha ya kisu, "ndio mkubwa. Umejikunja kama utumbo na una majivuno. Sasa tazameni." Aliuinua kwa nyuma. Chini yake, pale kisogo kinapopokea shingo, palikuwa na mwingine mdogo, umejibanza kama mpangaji asiyetaka kuonwa na mwenye nyumba. Mikunjo yake haikuwa minene kama ya mkubwa. Ilikuwa myembamba, imelaliana kama kurasa za daftari. Ulikuwa na mashavu mawili, la kulia na la kushoto, na katikati kitu kirefu chenye pingili kama mnyoo. Ulikuwa na jina la kizungu, refu. Ndimi zetu Wasukuma hazipatani na ile herufi inayonguruma, tukalilainisha likawa "selebela," naye akakata tamaa akasema basi, uiteni ubongo mdogo.

Kisha aliukata katikati. Ndani kulikuwa na mti. Nasema mti: shina jeupe, matawi, na vitawi vinavyokwenda kila upande hadi kwenye yale majani ya kijivu ya nje. Msumbwa mmoja akasema huo ni uchawi wa ng'ombe. Dresa akamwambia, "Na wewe unao. Umeota gizani na hujawahi kuumwagilia maji. Pombe tu."

"Kazi yake nini?" nikauliza. Wakati huo nilikuwa mzima.

"Wewe kazi yako nini hapa mgodini?"

"Naendesha winchi." Ile mashine ya kuvuta ndoo ya mawe kutoka shimoni.

"Meneja anakwambia nini?"

"Pandisha. Shusha. Simama."

"Anakwambia upunguze mwendo lini? Anakwambia ndoo imebakiza futi mbili?"

"Hajui hata kamba ina urefu gani."

Watu wakacheka. Dresa hakucheka. "Basi, ubongo mkubwa ndio meneja. Husema tu, 'Chukua kikombe,' halafu hujisifu. Huyu mdogo ndiye mtu wa winchi. Hatoi amri. Anapima. Anajua mkono umefika wapi, aukaze wapi, aulegeze wapi, ausimamishe wapi ili usikigonge kikombe. Hajasoma. Amejifunza kwa kurudiarudia mpaka hakumbuki kuwa alijifunza. Na siku akiugua, meneja atapiga kelele mpaka apasuke, na ndoo itagonga dari."

Nakiri nilifurahi. Sijawahi kumsikia mtu aliyesoma akimsifu asiyesoma namna ile, hata kama asiyesoma mwenyewe ni kipande cha nyama juu ya bati.

Halafu alitazama barabarani kama kuna Mzungu, akashusha sauti. "Ubongo mkubwa una tabia moja mbaya. Upande wake wa kulia hutawala mkono wa kushoto, na wa kushoto hutawala wa kulia. Hutawala kusikokuwa kwake. Mnawajua wenye tabia hiyo. Lakini mdogo ana adabu. Shavu lake la kushoto hushughulika na mkono wa kushoto na mguu wa kushoto. Yule mnyoo wa katikati anashika kiwiliwili kisianguke. Kila mtu yuko kwake."

Hilo la kila mtu kuwa kwake lilikuja kuniokoa, kama nitakavyosema.

Huyo ndiye Dresa wa asubuhi. Dresa wa alasiri alikuwa mwingine. Saa tisa alivua koti jeupe, akalitundika, akavuka barabara hadi kwa Mama Kabula. Alikunywa wanzuki, ile pombe ya asali, na wanzuki ikiisha alikunywa ya mtama, na ya mtama ikiisha alikunywa kile kinachochomwa kwa siri na kuitwa moshi. Na akinywa alihubiri. "Hakuna kitu pombe inakipenda kama ubongo mdogo. Huanza na yule mnyoo. Mnywaji wa miaka mingi, mnyoo wake hukauka kama jani la tumbaku."

"Basi acha wewe kwanza, Baba," Mama Kabula alimwambia, huku akimjazia.

"Mimi najua ninachokiua. Ninyi mnaua bila kujua. Nani mwenye dhambi kubwa?"

"Mwenye deni," alisema Mama Kabula, akamfunga mdomo.

Kabla ya kuondoka alijipima. Alisimama, akafumba macho, akanyoosha mkono, akaleta kidole kwenye ncha ya pua. Akiipata, alikwenda nyumbani. Akiikosa, alisema, "Sijawa tayari kwa safari," akakaa, na kwa kuwa alikuwa amekaa, aliagiza nyingine. Lakini niwe mkweli: sikuwahi kumwona akiyumba. Alitembea katikati ya mawe yaliyopakwa chokaa kandokando ya njia kama askari kwenye gwaride.

Mimi sikunywa. Si kwa dini, kwa ubahili. Nimelima tangu nilipojua kusimama, sikuona kwa nini niulipie mtama ambao mama yangu kule Didia alikuwa nao ghalani.

Sasa jiwe. Ndoo ilikwama, nikashuka kuifungua, na jiwe la ukubwa wa nazi likatoka juu likanipiga kisogoni, upande wa kushoto. Nilizimia kutwa nzima. Nilipozinduka kitandani zahanati, niliona taa mbili mahali palipokuwa na moja, na chumba kikizunguka. Baada ya siku kadhaa kuzunguka kukaacha. Nikasimama. Mguu wa kushoto ukaenda ulikotaka.

Dresa alinijaribu. "Gusa pua yako." Mkono wa kulia uliipata. Wa kushoto ulipokuwa umelala pajani ulikuwa mtulivu kabisa, lakini nilipoupeleka ulianza kutetemeka, na kadiri ulivyokaribia ndivyo ulivyotetemeka zaidi, mwisho kidole kikanichoma jicho. "Pigapiga paja, kiganja chini, kiganja juu, upesi." Wa kulia ulikwenda kama mtwangaji. Wa kushoto ulichanganyikiwa. "Tembea." Nikatembea miguu nimeipanua, nikilalia kushoto. Hata maneno yangu yalitoka yamekatikakatika, kama ya mtu anayepanda ngazi.

"Mtu wa winchi wa kushoto ameumia," alisema. "Hajafa. Ila usirudi kazini."

Nilirudi kazini. Nilikuwa na kiburi, na nilidhani kiburi kitashika usukani.

Siku hiyohiyo Meneja alikuja kutufundisha ishara mpya za kengele ya winchi. Zamani kengele moja ilikuwa simama na mbili pandisha. Sasa alitaka vinginevyo. Alieleza kwa Kiswahili chake cha kitabuni, akaondoka kidogo, akarudi. Mashine ilikuwa inanguruma. Mimi nilikuwa nimesimama nikiyumba, nimeshika nguzo. Meneja akaninyooshea kidole, akamwuliza nyapara wetu kama nimeyaelewa mambo ya kengele. Nyapara alikuwa mtu mwema, alinipenda, na alijua kwamba mashine haingoji sentensi ndefu. Akapaza sauti, kwa haraka, zile "e" mbili akazibana zikawa moja:

"Amelewa sana, Bwana! Kuliko wote!"

Alitaka kusema ameelewa. Alitaka kunisifu. Meneja alilijua neno moja tu kati ya hayo mawili, na aliponitazama nikiyumba nguzoni akaona macho yake na masikio yake yamekubaliana.

Niliachishwa palepale. Kwenye kipande changu, ile kadi ya kazi ambayo kila mwajiri aliisoma kabla hajakutazama usoni, liliandikwa kwa wino mwekundu neno moja: mlevi. Mwenye neno hilo hakupata kazi mgodini, wala kwenye kinu cha pamba, wala kwa Mhindi mwenye duka. Nyapara alikuja jioni kunipongeza. Hakuamini nilipomwambia alichonifanyia. "Lakini nimekusifu, ndugu yangu! Nimekusifu kwa sauti!"

"Ungenitukana polepole," nikamwambia, "ningekuwa kazini."

Kesho yake Dresa alinishika mkono, akanipeleka ofisini kwa Meneja. Hatukuitwa. Ilikuwa saa kumi, na msomaji anajua Dresa wa saa kumi alikuwa nani. Lakini alisimama wima, koti jeupe amelivaa tena, limefungwa hadi shingoni.

"Bwana, mtu huyu hakulewa."

"Nyapara amesema."

"Nyapara alisema ameelewa. Lakini tuyaache maneno. Tuuulize mwili." Akaniambia niguse pua kwa mkono wa kulia. Nikaigusa, mara tatu. "Sasa kushoto." Kidole kikatetemeka kikaniangukia shavuni. Akaniinamisha kichwa, akamwonyesha Meneja kidonda kisogoni, kushoto. "Bwana, mimi nawajua walevi. Pombe haichagui upande. Ikiingia huingia kote, kulia na kushoto. Umewahi kumwona mtu aliyelewa mkono mmoja?"

Meneja aliweka kalamu chini. Aliangalia mkono wangu wa kulia, akaangalia wa kushoto. Halafu akanusa.

"Lakini humu ndani kuna harufu ya pombe."

Hapo palikuwa na nafasi ya kukaa kimya. Ningekaa kimya mimi, nasema bila aibu. Dresa akasema, "Ni mimi, Bwana. Mlevi ni mimi. Mwenye kulewa anatembea hivi." Akageuka, akatembea juu ya ubao mmoja wa sakafu, kisigino kikigusa kidole, hadi ukutani na kurudi, bila kutoka nje ya ubao. "Na asiyelewa anatembea hivyo," akanionyesha mimi. "Usiamini miguu, Bwana, mpaka umeuliza kisogo."

Meneja alichukua kalamu. Akalifuta lile neno kwenye kipande changu, akatia sahihi pembeni. Kisha akafungua kitabu chake cha wanaoachishwa, akafuta jina langu, akaandika la Dresa mahali palepale. Nadhani kitabu kilitaka mlevi mmoja mwezi huo na hakikujali nani. Alimwambia atabaki mpaka dresa mwingine apatikane. Dresa akamshukuru kana kwamba amepandishwa cheo.

Njiani nilitaka kulia, na mimi si mtu wa kulia. Akasema, "Usinililie. Wewe umeandikiwa uongo, mimi nimeandikiwa kweli. Kitabu kiko sawa sasa."

Halafu akanipa dawa. Haikuwa kwenye chupa. Alikuwa mtu wa kuwacheka Wasukuma kwa ngoma zetu, kila akisikia ngoma Jumapili aliuliza, "Leo tena ni nani amewakosea?" Lakini alisema, "Mtu wa winchi hafundishwi kwa maneno. Anafundishwa kwa kurudia. Nenda kwenu ukalime na wenzako ile bugobogobo yenu. Usilime peke yako. Peke yako utajihurumia."

Bugobogobo ni kulima kwa ngoma. Watu hujipanga mstari, jembe hupanda na kushuka kwa mdundo, na wenye ujuzi hulirusha likazunguka hewani wakalidaka mpini bila kuliangalia. Kabla ya jiwe nilikuwa mmoja wao.

Nikaenda Didia. Siku ya kwanza ngoma ilikuwa mbele na jembe langu nyuma. Wenzangu wakiinua, mimi nashusha. Tuta langu lilipinda kama njia ya mbuzi. Manju wetu, ndiye mtungaji na kiongozi wa nyimbo, hakunionea huruma. Siku ya pili alishanitungia wimbo, kwamba jembe la fulani limetumwa shamba likapitia sokoni. Mstari mzima uliitikia. Mama yangu naye aliitikia, nilimsikia.

Niliitikia pia. Ningefanya nini? Kadiri nilivyoitikia ndivyo nilivyolazimika kushusha jembe pale neno linapoangukia. Wiki za kwanza nilijiumiza ugoko. Baadaye nikaacha kujiumiza. Mtama ulipofika magotini nilikuwa nachelewa kidogo tu. Msimu uliofuata nililirusha jembe juu kwa mkono wa kulia nikalidaka kwa wa kushoto. Ngoma ilisimama. Manju akatazama, akasema, "Mhola," ambayo ndiyo salamu yetu ya amani, akaanza wimbo mwingine, na ule wangu haukuimbwa tena. Niliuonea hamu kidogo.

Mkono wa kushoto haukurudi wote. Mpaka leo vifungo vya shati navifunga kwa wa kulia. Lakini kwa kipande kisafi nilipata kazi kwenye kinu cha pamba, kisha nikaacha kazi za watu, nikaanza kununua na kuuza ng'ombe, nikapata kiwanja Shinyanga, pale Ngokolo.

Dresa sikumwona tena mpaka mwaka 1959. Nilikuwa natoka sokoni. Mbele yangu kulikuwa na mzee, miguu ameipanua kama anavuka tope, na tope hakuna, jua kali. Wauza viazi walikuwa wanamcheka. "Mzee leo umewahi! Hata saa nne bado!" Mwingine akaitikia, "Huyo hajawahi, hajamaliza ya jana!" Koti la jeshi nililitambua kabla ya uso.

"Shikamoo, Dresa."

Hakuniangalia usoni. Aliniangalia miguu. "Ma-ra-haba," alisema, neno likitoka vipande vipande. "Kushoto. Bado una-lalia kidogo. Lakini si-vibaya."

Nikamshika, tukaingia mkahawani. Nilimsogelea makusudi ninuse. Hakuna kitu. Sabuni tu, na jasho la koti. Chai ilikuja. Mkono wake ulipokuwa mezani ulikuwa mtulivu. Alipoupeleka kikombeni ulianza kutetemeka, na ulipofika mdomoni chai ilikuwa kifuani. Nikamshikia kikombe.

"Umeacha lini?"

"Mwaka wa tatu huu."

Damu ilinipanda. Nikasimama. Nilitaka kwenda kwa wale wauza viazi niwaambie aliyeko humu ni nani, na kwamba hajanywa tone. Nilikuwa na deni la miaka kumi na siku ya kulilipa ndiyo hii. Akanivuta shati.

"Kaa. Nipime kwanza. Daktari ha-ropoki kabla hajapima."

Nikakaa. "Gusa pua," nikasema, naye akafumba macho. Kidole cha kulia kilitetemeka kikampiga shavu. "Kushoto." Kikampiga shavu lingine. Akafumbua macho, na uso wake ulikuwa wa mwalimu aliyejibiwa sawasawa.

"U-meona? Pande zote mbili."

"Nimeona."

"Po-mbe hai-chagui upande."

"Basi nikakupe jembe Didia. Mimi si nilipona?"

"Wewe ulipigwa na jiwe. Jiwe hupiga mara moja li-kaenda zake. Mimi nilikuwa nali-alika kila siku saa tisa." Akacheka, akajishika meza asianguke. "Jembe nitakuja kuli-angalia. Kulirusha, hapana. Nitaua watu."

"Lakini wanakutukana bure, Dresa. Hukulewa leo."

Aligeukia mlangoni. Nje mmoja bado alikuwa anaiga mwendo wake, wengine wanacheka.

"Waache," alisema. "Wako sahihi. Wame-chelewa tu."

Tulitoka. Nilimshika mkono wa kulia, yeye akapanua miguu, mimi nikalalia kushoto kama desturi yangu ninapobeba uzito. Wauza viazi wakasema walevi sasa wamekuwa wawili. Mimi, ambaye sijawahi kuonja wanzuki! Nikaushika mkono wake vizuri zaidi. Tukaenda zetu Ngokolo, polepole, barabara yote ikiwa yetu.

Leo nina nyumba mbili Ngokolo, moja ya bati na moja ya vigae. Nina shamba Didia, ekari kumi na nne. Nina ng'ombe thelathini na wanane, mashine moja ya kusaga, baiskeli ambayo siipandi kwa sababu inanivuta kushoto. Nina jembe lenye mpini mweusi kwa mikono. Nina koti la jeshi, si langu, nililoachiwa. Nina kipande changu cha mwaka ule, na neno moja lililofutwa.